Swali Nililokuuliza Mbele ya Darasa

Mwanangu Mwanahawa,

Barua hii nitaiweka chini kabisa ya sanduku lako, chini ya sketi za shule, ili uikute ukiwa umeshafika bwenini na mimi sipo kukuona usoni unapoisoma. Hilo peke yake litakuonyesha baba yako ni mtu wa namna gani.

Sasa ni alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda kumuaga bibi, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia kuku wakiparua nyuma ya ukuta. Habari za sabuni, chandarua na mahali pa kuficha sukari yako mama ameshakwambia, na kesho atakwambia tena mpaka gari liondoke. Mimi hapo sina la kuongeza. Nina jambo jingine, nalo nimelikwepa kwa miezi.

Naogopa, mwanangu. Huko Masasi, kila utakayekaa naye darasani alikuwa wa kwanza au wa pili kwenye shule aliyotoka. Mmoja anatoka Tandahimba, mwingine Ndanda, mwingine Newala mjini kwenye vitabu na walimu wengi. Mwisho wa muhula watawapanga wote kwa namba, na lazima mmoja awe wa mwisho. Anaweza kuwa wewe. Siiogopi namba yenyewe. Naogopa kwa sababu najua mtoto anaweza kufanya nini kwa kuiogopa namba, na najua zaidi mwalimu anaweza kufanya nini.

Nianze na la mtoto. Hili hata mama yako halijui.

Mimi nami nilisoma sekondari huko Masasi. Muhula wa kwanza nilishika namba ya thelathini na nane, na darasani tulikuwa thelathini na wanane. Nilirudi likizo na ile ripoti imekunjwa ndani ya soksi. Babu yako alikuwa hajui kusoma. Alinikalisha, akaniuliza, "Umeshika ya ngapi?" Nikamwambia, "Ya tatu." Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili. Kisha akamchinja jogoo wake wa madoa, ambaye alikuwa hampi mtu, akawaita majirani waje wale kwa ajili yangu. Paja nilipewa mimi, nikalila.

Babu yako amekufa akiamini nilikuwa wa tatu. Baadaye nilisoma sana, ni kweli, nikafika chuo cha ualimu. Lakini nilisoma kama mtu anayefukuzwa. Na tangu siku ile sijawahi kumwona mtoto wa mwisho darasani bila kujiona mimi mwenyewe. Ungedhani ningemhurumia. Nilimchukia.

Ndiyo maana nikalipanga darasa la saba vile nilivyolipanga. Unakumbuka. Wa kwanza dirishani mbele, wa pili pembeni yake, na kuendelea hivyo mpaka wa mwisho kule nyuma karibu na mlango, na kila mwezi baada ya jaribio watu wanabeba madaftari yao na kuhama. Walimu wenzangu walinisifu. Nilikuwa nasema watoto watapata ari. Wale wa nyuma sikuwauliza walipata nini.

Kisha ikaja tuisheni. Unajua miaka hii ya ruksa ilivyo: maduka ya Newala yana vitu tulivyokuwa tunavisikia tu, wanunuzi wa korosho wanakuja na malori yao wenyewe, kila mtu anatafuta cha kuongezea. Walimu nasi tukaanza kufundisha alasiri, kwa wale ambao wazazi wao waliweza kuchangia. Watoto kumi na mmoja walikuja barazani kwetu, nawe wa kumi na mbili kwa kuwa ni wangu. Mwanzoni nilirudia tu masomo ya asubuhi. Halafu nikaanza kubakiza. Hakuna siku niliyokaa nikaamua kubakiza. Ni kwamba asubuhi nilikuwa nimechoka, nikasema moyoni hili tutalimalizia alasiri, na alasiri darasa zima halikuwepo. Mwisho nikajikuta yaliyo mazuri yote nayafundishia barazani, na wale kumi na mmoja nimewakataza kusema nje wanachojifunza.

Lile somo la mafundi na siku ndilo lililonifichua. Mafundi wanne wanajenga ukuta kwa siku kumi na mbili. Je, mafundi sita watatumia siku ngapi? Darasani niliwapa njia ya kitabuni, ndefu, iliyowachanganya wengi. Barazani niliwaambia mtafute kwanza kazi ya fundi mmoja: nne mara kumi na mbili, arobaini na nane, zungushieni kisanduku msiipoteze, kisha gawanyeni kwa sita. Mlicheka kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Wewe ulisema, "Kumbe ni hivi tu?"

Somoe hakuwepo. Mama yake ni mjane, analima vibarua kwenye mikorosho ya watu, na mimi nilikuwa sijawahi hata kumweleza kwamba kuna tuisheni, maana nilijua jibu lake. Darasani Somoe alikuwa anashika ya ishirini na kitu. Nilijua mnakwenda pamoja kuchota maji bondeni wakati wa kiangazi. Sikujua kwamba njiani mnatua ndoo na kuchora tarakimu kwenye vumbi.

Siku ya mtihani wa majaribio madawati hayakutosha, nikawachanganya, na Somoe akaangukia dawati lako. Niliposahihisha, wewe ulipata arobaini na nne katika hamsini, na Somoe arobaini na tatu. Nilirudia kuhesabu mara tatu. Nikafungua swali la mafundi kwenye karatasi yake, nikakiona kisanduku.

Kilichofuata ulikiona, lakini nataka nikisimulie mimi, kwa mkono wangu, ili usije ukadhani umekiota.

Niliingia darasani na karatasi zote mbili. Nikamwambia, "Somoe, simama. Njia hii umeitoa wapi?"

Akasimama.

"Nakuuliza umeitoa wapi. Mimi sijaifundisha darasa hili."

Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya watoto wote, na masikio yangu mwenyewe hayakusikia nilichosema. Nikakugeukia wewe.

"Mwanahawa, ulimwonyesha karatasi yako?"

Ulisimama. "Hapana, Mwalimu."

"Basi ameangalizia."

Ulifungua mdomo tena. Nami nikasema, "Kaa chini." Ukakaa.

Nilimpiga Somoe fimbo nne za viganjani. Nikaandika sifuri kwa wino mwekundu juu ya ile arobaini na tatu, nikampeleka dawati la mwisho karibu na mlango. Hakulia. Na hakukutaja. Angeweza kusema, "Mwanahawa ndiye aliyenifundisha," na fimbo zingeishia hapo, au zingehamia kwako. Alijua nimewakataza kusema ya barazani, akakaa na jina lako mdomoni mpaka nilipomaliza kumpiga.

Siku ya tatu mama yake alikuja shuleni. Alisimama nje ya ofisi mpaka nilipotoka.

"Mwalimu, sikuja kugombana," alisema. "Mwanangu anasema amepewa sifuri kwa sababu anajua kitu ambacho hukumfundisha. Mimi sikusoma. Nimekuja unieleweshe."

"Aliangalizia, Mama Somoe."

"Kwa nani?"

"Kwa Mwanahawa."

"Mwanahawa amesema hivyo?"

"Hapana."

Aliniangalia kidogo tu, hata hasira hakuwa nayo. "Haya, Mwalimu," akasema, akaifunga khanga yake vizuri, akaondoka. Haikupita wiki, Somoe akawa hayupo. Amekwenda Ndanda, tukaambiwa, kwa mama yake mdogo anayefua nguo za watu jirani na hospitali.

Jioni ya siku tuliyoambiwa hivyo mama yako alikuwa anachambua kisamvu, nami nimekaa karibu yake, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanao ndiye aliyemfundisha Somoe ile hesabu. Njiani, wakienda majini. Ameniambia leo. Anasema ukijua utampiga mbele ya wenzake."

Nikavuta jani moja la kisamvu, nikalichambua.

"Baba Mwanahawa," akasema, "mtoto wako anakuogopa."

Ningekuwa mwanaume ningenyanyuka pale pale, nikaenda kwa mama Somoe kabla jua halijazama. Nilikaa wiki tano. Nakuomba uusome tena huo muda: wiki tano. Kila asubuhi niliingia darasani, nikaliona lile dawati karibu na mlango, nikafundisha. Nilimwogopa afisa elimu, asije akauliza kwa nini darasani hamkufundishwa. Niliwaogopa wazazi waliochangia, na zaidi wale ambao hawakuchangia. Nilikuogopa na wewe. Nyumbani ulikuwa unaniwekea maji ya kuoga na kuondoka haraka, na mimi nilishukuru kwamba unaondoka haraka. Watu wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja anajua mwenzake anajua, na hakuna anayesema. Naogopa sana kwamba hilo ndilo somo nililokufundisha vizuri kuliko mengine yote.

Kilichonitoa si ujasiri. Mwalimu mkuu alikuwa anapitia majina ya watakaofanya mtihani wa kumaliza, kalamu mkononi. Akaniuliza, "Huyu Somoe nimkate?" Niliiona ile kalamu imegusa karatasi. Nikasema, "Usimkate. Nipe siku mbili."

Kesho yake nilishuka Masasi, nikapata basi la kwenda Ndanda. Mama yake mdogo nilimkuta uani anasuuza mashuka, na Somoe alikuwa upande wa pili wa kamba, anaanika. Aliponiona aliacha shuka lidondoke chini, akaficha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

Mwanangu, nimeona mengi. Nimemzika baba yangu, nimewazika wadogo zako wawili. Lakini ile mikono inavyokwenda nyuma ya mgongo naiona mpaka leo kila ninaposhika chaki.

Nilikaa chini, kwenye kigogo, ili nisisimame juu yake. Nikamwambia, "Somoe, hukuangalizia. Najua. Mimi ndiye niliyekosa."

Mama yake mdogo ndiye aliyesema, "Mwalimu, umekuja kumwambia hilo tu, au umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kumwomba arudi. Mtihani umebakiza wiki chache."

Somoe aliuliza swali moja tu. "Nikirudi nitakaa wapi?"

Hakuuliza alama zake. Hakuuliza kama nitampiga tena. Miezi yote ile nilidhani nawafundisha hesabu, kumbe nilichowafundisha ni kujua mahali pa kukaa. Nikamjibu, "Utakaa unapotaka." Akafikiri, akasema atakuja, ila kwanza amalize yale mashuka.

Siku aliporudi, nilisimama mbele yenu nikasema yote. Nilisema Somoe hakuiba, na njia ile nilikuwa nawafundisha wengine huku nikiwanyima wengine. Nilisema tuisheni imekwisha, na kuanzia siku ile kila nilichokuwa nacho nitakitoa asubuhi. Mtoto mmoja alicheka kwa kukosa la kufanya, kisha akaona haya. Somoe hakuinua uso. Alikuwa amekwenda kukaa pale pale karibu na mlango, kwa sababu ndipo alipopazoea.

Ndipo wewe ulipochukua madaftari yako. Sikukuagiza. Uliondoka dirishani, kiti ulichokikalia mwaka mzima, ukapita katikati ya madawati, ukakaa naye. Hukuniangalia hata mara moja kuomba ruhusa. Niliegemea ubao kwa mgongo wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona ukifanya jambo mbele yangu bila kuniogopa, na niliombea isiwe ya mwisho. Wiki ile wengine nao wakaanza kuhama, kila mmoja kwa anayemfaa, na mimi sikuwapanga tena.

Sasa nifike kwenye linalokuumiza. Matokeo yalipokuja, msichana aliyechaguliwa kutoka shule yetu alikuwa mmoja, wewe. Ulilia siku tatu. Siku ya kwanza nilidhani ni furaha. Siku ya tatu nilikusikia ukimwambia mama yako jikoni, "Siendi. Nafasi ile ni ya Somoe."

Sikuingia jikoni. Nilirudi nyuma polepole ili msisikie viatu vyangu. Kwa hiyo nakujibu leo.

Sijui kama nafasi ile ilikuwa yake. Karatasi ya waliochaguliwa haikusema nani alikaribia. Ninachokijua ni kwamba Somoe alikosa wiki tano, tena zile tulizorudia mambo yote ya mwaka, na kwamba hakuna mtu aliyemnyima zile wiki ila mimi. Sikuachii deni hilo. Ukienda huko ukasoma kwa ajili ya kumlipa Somoe, utasoma kama nilivyosoma mimi, mtu anayefukuzwa, na utakuwa mwalimu au daktari au mke wa mtu ukiwa bado unakimbia. Nafasi yako uliifanyia kazi. Mlivyochora kwenye vumbi mlichora wawili, na mtu anayemfundisha mwenzake anaelewa mara mbili. Hilo nimeliona katika madaftari yenu wote wawili, nami ni mtu wa kusahihisha.

Na kuhusu siku ile darasani. Nadhani unajiambia kwamba ulinyamaza. Mama yako anasema usingizini unasema "hapana, Mwalimu." Nisikilize. Nilikuuliza kama ulimwonyesha karatasi, nawe hukumwonyesha. Ulisema kweli. Swali langu ndilo lililokuwa bovu, na niliuliza hivyo kwa sababu swali zuri ningeliogopa: nani alimfundisha, na kwa nini haikuwa mimi? Kisha ukafungua mdomo mara ya pili. Nilikuona. Mtu mwingine akikuuliza, hata wewe mwenyewe ukijiuliza, jibu ni kwamba ulitaka kusema na baba yako akakukalisha chini. Mimi ni shahidi wako katika hilo.

Juzi nilikwenda kwa mama Somoe. Nimewahi kwenda mara kadhaa tangu matokeo, na kila mara ananipa kiti na hanipi maneno mengi. Nilimwambia kuna ile sekondari mpya ya wazazi inayofunguliwa Newala, na kwamba nimezungumza na mwalimu wa pale ninayemfahamu, Somoe atapokelewa. Alisema atafikiri. Akasema Somoe mwenyewe amerudi Ndanda, ameanza kupenda kazi ya kule, na kuna manesi wanaomwazima vitabu. "Usimvute tena, Mwalimu," aliniambia. "Akitaka mwenyewe atakuja." Nimeliacha hivyo. Sikwambii ili ufurahi au uhuzunike. Ndivyo mambo yalivyo, na sijui yatakwishaje.

Naogopa ukiwa wa mwisho utaikunja ripoti uiweke kwenye soksi. Naogopa ukiwa wa kwanza hutamwona aliyekaa karibu na mlango. Naogopa atatokea mwalimu kama mimi, na kwamba nimekuzoesha kukaa chini ukiambiwa kaa chini. Sina dawa ya hofu hizi. Ninachoweza ni kukwambia hili: ukishika ya thelathini na nane, njoo nayo nyumbani uniwekee mkononi. Nitaisoma mbele yako, kisha tutakaa barazani tuangalie swali moja moja mahali lilipopotea. Na mwenzako akikuuliza njiani ulichojifunza, mwambie, hata kama wamekataza.

Utakapokuwa unasoma maneno haya, tutakuwa tumeshaagana. Utakuwa umepiga goti kidogo kama ulivyozoea, ukaniamkia na macho yakiwa chini, nami nimeitikia. Miaka yote hii nilidhani ni adabu. Sasa sijui kama ni adabu au ni woga, na kesho nitakapokuwa nimesimama mbele yako sitathubutu kukuuliza. Niandikie uniambie. Hata kama jibu ni woga, liandike hivyo hivyo wala usilifute. Nitalisoma peke yangu, na sitalikasirikia.

Wako, ninayekusubiri uniandikie,

Baba